Uso wa Mwenye Nyundo

Vijana wenzetu wa parokia, mchoraji akiulizwa amefundishwa na nani, kwa kawaida hutaja mwalimu wake, au mtu mashuhuri ambaye kazi zake humvutia. Sisi watatu tuliochora Njia ya Msalaba ya kanisa letu dogo hapa Kabambare tumeulizwa swali hilo mara nyingi tangu Kwaresima iliyopita, na jibu letu limekuwa refu kuliko waulizaji walivyotazamia. Tumejifunza kwa watu wengi. Baadhi yao walikufa zamani, na wengine hatutawaona kamwe ana kwa ana. Tukipima leo tulichopokea kwao, tunaona kwamba si namna ya kuchora jicho au kidole tu. Zaidi ya hayo, walitusaidia kujibu swali moja gumu: yule anayempigilia Yezu misumari apewe uso wa nani?

Tueleze kwanza kazi yenyewe. Tu wanafunzi wa sekondari, wavulana wawili na msichana mmoja. Shule yetu haina somo la uchoraji. Mmoja wetu huandika majina ya maduka na kuchora vichwa kwenye vibao vya vinyozi. Wa pili alizoea kuchora mimea na mifupa katika daftari la biolojia, mpaka wenzake wakawa wanaliazima. Wa tatu alifundishwa na nyanya yake kupamba kuta za nyumba kwa udongo, bila brashi, kwa vidole na kitambaa. Padri wetu aliyajua hayo yote, akatuomba vituo kumi na vinne kwa ajili ya kanisa ambalo halikuwa na picha ukutani.

Rangi za dukani zinafika kwetu baada ya safari ndefu, na bei yake hubeba ugumu wote wa barabara. Tukaamua kutumia vitu vya nchi yetu. Tulichukua udongo mwekundu kando ya njia, udongo mweupe kwenye kingo za kijito kinachoingia katika mto Luama, na makaa kutoka jikoni. Udongo tuliuloweka, tukauchuja kwa kitambaa, tukauacha utulie usiku kucha, tukamwaga maji ya juu, tukaukausha na kuusaga juu ya jiwe. Ili ushike, tuliuchanganya na wanga wa muhogo uliopikwa mwepesi kama uji wa mgonjwa. Wanga ukiwa mzito, rangi hupasuka inapokauka. Ukiwa mwepesi mno, rangi hubaki kwenye kidole cha anayeigusa. Mama wa parokia walitupa mashuka ya zamani, tukayavuta juu ya fremu za mbao na kuyapaka wanga na udongo mweupe mara mbili kabla ya kuchora. Basi tulikuwa na rangi tatu tu: nyekundu, nyeupe na nyeusi.

Padri alipoziona, alituambia habari za Engelbert Mveng, Myezuiti wa Kameruni, mwanahistoria na mchoraji, aliyeuawa nyumbani kwake karibu na Yaoundé mwezi wa Aprili 1995. Mveng alipenda kufanya kazi kwa rangi hizo hizo tatu, na mojawapo ya kazi zake kubwa iko katika kanisa la Chuo cha Hekima, Nairobi. Kwake rangi tatu zilitosha kusimulia mateso, kifo na uzima. Habari hiyo ilitutia moyo. Kile ambacho jirani zetu waliona kuwa ufukara, mtu msomi aliyeweza kupata rangi zote za dunia alikichagua kwa hiari. Tangu siku hiyo hatukuomba tena radhi kwa sababu ya uchache wa rangi zetu.

Kisha tulijiuliza kama kabla yetu kulikuwa na wasanii katika nchi hii. Wazee wengine walitujibu kwamba hapakuwa na kitu, ila mambo ya mizimu yaliyochomwa au kuchukuliwa. Ni kweli kwamba vingi vilichukuliwa. Sanamu za mababu zilizochongwa na Wabuyu, jirani na ndugu zetu wa bonde la Luama, zimo leo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani: watu waliosimama wima, mabega mapana, macho makubwa yaliyofumbwa nusu. Sisi tuliozaliwa karibu na miti waliyochongwa tuliwaona kwanza katika simu. Ni jambo la kuhuzunisha, lakini hata hivyo lilitufaa. Wazee wale wa mti walitufundisha kwamba mtu anaweza kuchorwa akiwa mtulivu, bila misuli ya kujionyesha, na bado akajaa nguvu. Yezu wetu wa kituo cha kwanza, anayesimama kimya mbele ya Pilato, ana mabega yao na ukimya wao.

Upande wa kaskazini yetu, Walega walikuwa na chama cha Bwami, ambacho kilijulikana pia kwa baadhi ya Wazimba na Wabembe. Watu wa Bwami walipanda daraja moja baada ya jingine, na katika kila daraja walifundishwa tabia njema kwa njia ya vitu vidogo: vinyago, sanamu za mti, za mfupa na za pembe ya ndovu. Kila kitu kiliambatana na methali. Serikali ya Wabelgiji ilikipiga marufuku chama hicho mwaka 1948. Mtaalamu mmoja Mbelgiji, Daniel Biebuyck, aliyekaa na Walega katika miaka ya 1950, aliandika kitabu kikubwa kuhusu sanaa na maadili yao, kilichotoka mwaka 1973. Kati ya sanamu hizo iko moja yenye vichwa vingi, Sakimatwematwe. Wazee waliitumia kufundisha kwamba mtu mwenye hekima hatazami upande mmoja tu, kwa maana mwamuzi anayetazama upande mmoja hupotosha haki.

Hatukuingiza desturi za Bwami kanisani, wala hatukuombwa kufanya hivyo. Tulichokiona ni kwamba watu wa nchi hizi walijua zamani kuwa sanamu inaweza kuwa mwalimu, na kwamba kazi yake inaweza kuwa kumsahihisha mtazamaji badala ya kumpendeza. Wazo hilo la vichwa vingi lilikaa nasi, na baadaye tutaonyesha lilitutoa wapi na kutupeleka wapi.

Mwalimu wetu wa historia, aliyesoma Lubumbashi, alitupa jina la tatu la kukumbuka: Hangar. Mwaka 1946, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua mahali pa kuchorea katika mji uliokuwa ukiitwa Elisabethville. Hakutaka vijana waliokuja kwake waige picha za Ulaya. Aliwapa rangi na karatasi, akawaacha wavitafute vitu ndani ya kumbukumbu zao. Pilipili Mulongoy alichora samaki, ndege na majani mpaka pasibaki nafasi tupu. Mwenze Kibwanga alijaza watu na wanyama kwa vistari vifupi vilivyopangwa kama nyuzi za mkeka. Bela alichora kwa ncha za vidole vyake. Romain-Desfossés alikufa mwaka 1954, lakini majina ya wanafunzi wake yanakumbukwa mpaka leo. Habari ya Bela ilimfurahisha sana mwenzetu aliyefundishwa na nyanya yake. Alikuwa akionea haya kuchora kwa vidole mbele yetu sisi wenye brashi. Tangu hapo, majani, vumbi na nywele katika vituo vyote kumi na vinne ni kazi ya vidole vyake.

Wa nne ni Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947. Alichora juu ya nguo za magunia ya unga, akiuza picha zake kwa watu wa kawaida wa Katanga. Kati ya 1973 na 1974 alitengeneza picha zaidi ya mia moja za historia ya nchi yetu, na alimweleza mtaalamu Johannes Fabian kila picha kwa Kiswahili. Mazungumzo hayo yalichapishwa katika kitabu mwaka 1996. Tshibumba mwenyewe hakujulikana alipo tangu mwanzo wa miaka ya 1980. Katika picha yake ya kifo cha Lumumba, aliyeuawa tarehe 17 Januari 1961, misalaba mitatu imesimama kwa mbali nyuma ya maiti. Mchoraji hakuhitaji maelezo marefu. Alimweka mtu wa Kongo chini ya mlima wa Golgota, na mtazamaji akaelewa kwamba mateso ya Bwana hayako mbali na barabara zetu.

Kwa watu hao wanne, au tuseme kwa watu hao na wazee wale wasio na majina, tulipata ruhusa ya kuchora Njia ya Msalaba inayopita Kabambare. Barabara ya picha zetu ni nyekundu. Simoni wa Kirene ni mtu anayesukuma baiskeli iliyobeba magunia, naye amelazwa baiskeli yake kando ili ashike msalaba. Wanawake wa Yerusalemu wamebeba vitu vyao juu ya vichwa na watoto mgongoni, kama tulivyowaona mama zetu siku za kukimbia. Hakuna aliyetupinga katika hayo. Wengi wetu tulikuwa tumekwisha kuziona kwenye katekesi zile picha za Mafa kutoka kaskazini mwa Kameruni, zilizotengenezwa katika miaka ya 1970. Wakristu wa huko waliigiza kwanza matukio ya Injili katika vijiji vyao, na mchoraji akafuata maigizo yao. Nasi tuliiga njia hiyo. Kila Jumamosi vijana wa parokia walikuja uwanjani, wakaigiza kituo kimoja, nasi tukachora upesi kwa makaa kwenye karatasi.

Hapo ndipo tulipofika kituo cha kumi na moja, Yezu anapigiliwa misumari msalabani, na mjadala ukaanza.

Mnajua, ninyi mnaoishi katika nchi hizi za kusini mwa Maniema, jinsi miaka ya karibuni ilivyopita. Watu wamekimbia, nyumba zimeteketea, vijana wamechukuliwa. Wenzetu kadhaa walisema wazi: askari wa kituo hiki wapewe kofia na nguo za watu waliochoma kijiji cha fulani, maana kila mtu anazijua. Walikuwa na hoja nzito. Walituuliza: "Ikiwa mmemchora Simoni na baiskeli, na mama zetu na mizigo yao, mbona mkifika kwa mwuaji mnataka kurudi Roma ya kale? Je, ukweli una mwisho?" Hatukuweza kuwajibu mara moja. Kwa kweli, askari wa Kiroma mwenye kofia ya manyoya angekuwa njia rahisi ya kukwepa.

Katekista wetu, mzee ambaye hupenda kusikiliza mpaka watu wachoke, alisema neno moja tu: "Wanangu, mtoto wa watu wale akija kusali hapa, atakaa upande gani wa kanisa?" Kisha akaenda zake kufunga mbuzi.

Swali hilo lilitufanya tutafute mifano ya picha zilizowapa wauaji uso wa watu fulani. Tuliipata kwa wingi. Kwa karne nyingi wachoraji wa Ulaya waliwachora Wayahudi wakiwa na sura mbaya katika mateso ya Yezu, kana kwamba Yezu, Mama yake na mitume hawakuwa Wayahudi. Waliotazama picha hizo kila Ijumaa Kuu walijifunza kuchukia majirani zao. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, tarehe 28 Oktoba 1965, katika tamko liitwalo Nostra Aetate, ulifundisha kwamba mateso ya Kristu hayawezi kuhesabiwa juu ya Wayahudi wote wa wakati ule bila kubagua, wala juu ya Wayahudi wa leo. Fundisho hilo lilikuja miaka ishirini tu baada ya mamilioni ya Wayahudi kuuawa.

Mfano wa pili uko karibu zaidi. Katika nchi jirani ya Rwanda, gazeti liitwalo Kangura lilianza mwaka 1990, likachapisha makala na michoro iliyowafanya Watutsi waonekane wabaya kwa asili yao. Mwaka 1994 mauaji ya kimbari yalitokea. Mhariri wa gazeti hilo alihukumiwa mwaka 2003 na Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha. Mchoro ni mstari wa wino tu, lakini ukimpa jirani uso wa adui, kuna siku mtu atautafuta uso huo barabarani.

Bado tulikuwa na hoja ya wenzetu mkononi. Tusipomchora mwuaji kwa alama zake, tutamchora namna gani bila kusema uongo? Jibu lilitujia kutoka sehemu mbili.

Sehemu ya kwanza ni historia yetu wenyewe. Kiswahili hiki tunachowaandikia kilifika kwetu katika karne ya 19 pamoja na misafara ya pembe za ndovu na watumwa, na Kasongo ilikuwa makao makuu ya Tippu Tip na watu wake. Tunapenda kusimulia habari hiyo kana kwamba wakosaji wote walitoka pwani. Lakini bunduki nyingi zilibebwa na vijana wa nchi hizi hizi, na baadhi yao walikuwa wamekamatwa utotoni. Ngongo Lutete alimtumikia Tippu Tip, akateka vijiji vingi kwa ajili yake. Mwaka 1892 akahamia upande wa Dola ya Kongo ya mfalme Leopold. Mwezi wa Aprili 1893 jeshi la Dola likaitwaa Kasongo, naye akiwa miongoni mwa wasaidizi wake. Mwezi wa Septemba wa mwaka huo huo, maofisa wa Dola hiyo hiyo wakampiga risasi. Hivyo, ndani ya maisha ya mtu mmoja, nyundo ilipita kutoka mkono hadi mkono, na msumari ukamrudia aliyeushika. Nani katika sisi anaweza kuapa kwamba hana damu ya aliyefungwa, na pia damu ya aliyefunga?

Sehemu ya pili ni picha ya Mholanzi Rembrandt, ambayo tuliiona katika kitabu cha zamani cha padri. Aliichora mnamo mwaka 1633, na leo iko München, Ujerumani. Watu wanausimamisha msalaba, na Yezu amekwisha kupigiliwa. Katikati yao, akiushika mti kwa mikono yake, yuko mtu mwenye kofia ya wachoraji wa wakati ule. Uso wake ni wa Rembrandt mwenyewe. Hakumtafuta mwuaji kwa jirani. Alijiweka pale, katika mwanga, mahali ambapo kila mtazamaji lazima amwone.

Tukakubaliana. Katika kituo cha kumi na moja kuna watu watatu wenye nyundo na misumari, nao ni sisi watatu. Yule aliyeiga Yezu katika kituo cha pili ndiye anayeshika mguu wa Yezu katika kituo hiki. Nyuma yao tumechora umati wenye nyuso nyingi zilizoelekea pande zote, tukiikumbuka ile sanamu ya Walega yenye vichwa vingi. Nyuso hizo ni za vijana wa kundi letu, na kila mmoja aliulizwa kwanza kama anakubali. Wawili walikataa, na hatukuwachora. Kofia na nguo tuliziacha bila alama.

Kazi ilipokaribia kwisha, tulidhani tumepata jibu kamili. Lakini mama mmoja wa parokia, ambaye mwanawe alichukuliwa na hakurudi, alikuja kutazama. Alisimama mbele ya kituo hicho muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Wanangu, nimeelewa mnachotaka kufundisha. Lakini mimi sikushika nyundo. Mwanangu pia hakuishika. Mkisema sisi sote ni wauaji, basi aliyemchukua amepata mahali pazuri pa kujificha."

Maneno hayo yalikuwa kweli. Tuliketi naye kwenye benchi, na hakuna aliyejaribu kumjibu kwa hekima ya vitabu. Kusema kwamba kila mtu anaweza kushika nyundo si sawa na kusema kwamba kila mtu ameishika. Mungu atamwuliza Kaini habari za Abeli. Hatamwuliza jirani yake aliyekuwa shambani. Mahakama zina kazi yake, na picha ya kanisani haiwezi kuifuta. Mtu akitumia huruma ya Yezu kufunika jina la aliyeua, huyo anamwibia mama huyu mara ya pili.

Tulimwuliza: "Mama, unataka tufanye nini?" Tulidhani atatuambia tubadili nyuso za kituo cha kumi na moja. Hakusema hivyo. Alionyesha kituo cha kumi, Yezu anavuliwa nguo, ambacho kilikuwa bado kimechorwa nusu. Akasema: "Siku ile alikuwa amevaa shati la mistari, nyeupe na nyekundu. Mlivae hilo."

Basi katika kituo cha kumi, vazi analovuliwa Yezu ni shati la mistari, nyeupe na nyekundu. Rangi tulikuwa nazo. Watu wa mtaa wetu wanalijua shati lile, na wanajua mwenyewe ni nani, ingawa hatukuandika jina. Mtu mwingine akatuomba kikapu, mwingine fimbo ya baba yake, nasi tukavitia katika vituo vya nyuma kadiri nafasi ilivyoruhusu. Siku ya Ijumaa Kuu, watu walipofika kwenye kituo cha kumi walikawia. Hakuna aliyewahimiza. Walipofika cha kumi na moja, vijana waliochorwa katika umati walijitazama, na wengine wakainamisha vichwa.

Sasa tunaweza kusema kwa ufupi tulichojifunza, na tunakiweka mbele yenu mkipime. Aliyeumizwa tumemchora kwa alama zake: shati lake, kikapu chake, barabara yake. Aliyeumiza tumemchora kwa sura yetu wenyewe. Kama tungegeuza mambo, tukampa mwuaji alama zote na kumwacha aliyeuawa bila alama yoyote, tungekuwa tumetengeneza picha ya chuki, hata kama kila mstari wake ungekuwa wa kweli. Anayetazama picha ya namna hiyo hutoka akimjua adui, wala hamkumbuki ndugu. Tunataka anayetoka katika kanisa letu amkumbuke ndugu, kisha aiangalie mikono yake mwenyewe.

Hatujui kama wale waliotufundisha wangeisifu kazi yetu. Rangi zetu ni za udongo, na mvua ikivuja paa, huenda kituo kimoja au viwili vitahitaji kurudiwa. Mende nao wanapenda wanga wa muhogo. Lakini tunaamini kwamba kumfuata mwalimu ni zaidi ya kuiga mkono wake. Mveng alituambia tutosheke na rangi tatu, Bela akatupa vidole, Tshibumba akatupa barabara yetu, Rembrandt akatuambia tujiweke ndani. Mama yule alitufundisha mahali pa kuacha.

Na mtoto wa watu wale? Alikuja. Familia mbili za upande ule zimeanza tena kuuza muhogo sokoni kwetu, na siku ya Pasaka msichana mmoja wao aliingia kanisani pamoja na shangazi yake. Walikaa kwenye benchi la kati, chini ya kituo cha saba. Msichana alitazama picha zote, moja baada ya nyingine, kama watoto wote wanavyofanya mahubiri yanapokuwa marefu. Hakuuona uso wa baba yake kwenye ukuta wowote.

Kwa vikundi vya vijana vitakavyosoma maneno haya, tunapendekeza maswali matatu ya kutafakari pamoja. Katika picha, nyimbo na hadithi za mahali penu, ni nani hupewa uso wa mbaya, na ni nani aliyeamua hivyo? Ni nani katika jumuiya yenu ambaye mateso yake hayajachorwa wala kutajwa, na mnaweza kumwuliza nini kabla hamjamsemea? Na kama mngechora kituo cha kumi na moja leo, mngekubali kutoa nyuso zenu?